Shosti wa Leipzig, haya ndiyo ya huku chuoni

Bwana Yesu asifiwe shosti yangu!

Habari za huko kwenye baridi, masomo yanaendaje, na yule mama mwenye nyumba bado anakugombeza habari za kutenganisha takataka? Huku Moshi sisi wazima kwa neema tu, mama anakusalimia sana na anauliza unarudi lini, nimemwambia mpaka umalize kuandika, akasema kwani anaandika Biblia nyingine.

Meseji zako zote niliziona. Zile za mwisho wa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, ziliingia kwa mkupuo siku mtandao uliporudi, tarehe 3 Novemba, siku ileile Rais Samia anaapishwa Dodoma, simu ikalia mpaka nikaizima. Ila kujibu kwa meseji nilishindwa, maana siku hizohizo watu walikuwa wanapokea ujumbe kwenye simu wa kuonya tusisambaze picha wala video za kuleta taharuki, ikawa hata kuandika "poleni wafiwa" mtu anajiuliza mara mbili. Nimesubiri wanafunzi waende likizo, ofisi imetulia, nimekaa na kompyuta nikuandikie kirefu kama zile barua tulizokuwa tunaandikiana tukiwa sekondari.

Umeniuliza, chuo kama chuo cha kikristo tulifanya nini wakati nchi imechafuka vile, alafu ukanisimulia habari za kanisa la Nikolai hapo kwenu, kwamba mwaka 1989 watu walianzia kanisani wakatoka na mishumaa na serikali ikaishiwa nguvu. Nitakujibu ila usinikimbize, na hiyo ya Nikolai nina neno nayo, nitaifikia.

Kwanza ujue tuliingia kwenye uchaguzi watu wameshachoka. Lissu wa CHADEMA alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili, Mpina aliyetaka kugombea urais kwa ACT wakamwengua, X ilikuwa imefungwa tangu Mei, mtandao wa JamiiForums nao Septemba ukafungiwa siku 90, na Padre Kitima, katibu wa baraza la maaskofu Katoliki, alishapigwa kule Kurasini mwezi huohuo wa Aprili, kwa hiyo hata watumishi wa Mungu walikuwa wanaongea huku wanaangalia mlangoni. Sisi kwenye ibada za asubuhi tulikuwa tunaombea "uchaguzi wa amani" kila siku, sala ileile maneno yaleyale, mpaka watoto wakawa wanaitikia amina kabla mchungaji hajafika mwisho.

Jumatano tarehe 29 yenyewe, siku ya kura, ilianza kama sikukuu. Vyuo vikuu vilikuwa bado havijafungua ila sisi wa vyuo vya kati watoto walikuwa bwenini, wachache wakaenda kupiga kura, wengi hawakujiandikisha huku, wakawa wanafua na kusukana. Mtandao ulipokata kila mtu alidhani bando lake limeisha, wanaombana hotspoti, mpaka mmoja akasema jamani hata wa ofisini hauna. Jioni ndio simu za kawaida zikaanza kuleta habari kwa kubahatisha, Dar wametangaziwa kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, Mwanza kuna risasi, Mbeya kuna risasi, hapo jirani Arusha kuna moto barabarani, na kila anayepiga ana lake na huwezi kujua lipi la kweli.

Usiku ule nilitoka na lile daftari la kaunta ninaloandikia funguo za mabweni, nikageuza nyuma nikapiga mistari kwa rula, jina, mkoa, namba ya nyumbani, kapatikana au hajapatikana. Nikakaa bwaloni na walimu wenye salio, mhasibu akatoa kile kisimu chake cha batani chenye laini mbili, tukawa tunapiga kwa zamu. Mwanafunzi anakaa mbele yako, anataja namba ya mama yake, ikipokelewa unaweka spika, "mama mimi mzima, nyie?", "sisi wazima tumejifungia ndani, usitoke huko", unatia tiki kwa kalamu ya kijani, mwingine aje. Ilikuwa inakwenda kama kliniki ya watoto. Wa huku mlimani na wa Tanga walimalizika mapema. Wa Mwanza, Mbeya, Dar na Arusha ndio ilikuwa kazi, unasikia tu "namba unayopiga haipatikani kwa sasa", unamwambia kaa pembeni tutarudia, na yeye hakai pembeni, anasimama nyuma ya kiti chako unasikia anavyopumua. Mama wa jikoni, yuleyule wako wa "sukari imeisha na sitaki maswali", aliwasha moto upya usiku wa manane akapika uji wa ulezi bila kuambiwa na mtu na bila kuuliza bajeti, na sukari akaipata sijui wapi. Mimi ukiniuliza ni ibada gani ya maana tulifanya mwaka huu nitakutajia ule usiku.

Jumamosi tukasikia matokeo kwenye redio, rais kashinda kwa asilimia 97.66, kura zaidi ya milioni 31. Bwalo zima likacheka, kile kicheko kisicho na furaha. Na kesho yake Jumapili tukawa na mhubiri mgeni, sitamtaja, akafungua Warumi 13, kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu. Sina ugomvi na Warumi 13 shosti, ila mle mle kwenye ile sura mtawala anaitwa mtumishi wa Mungu "kwa ajili ya mema", na hicho kipande alikiruka kama anaruka dimbwi. Akamaliza, akasema sasa tuombee amani ya nchi yetu.

Ndipo binti mmoja wa mwaka wa pili, mpole sana, yule anayekaa siku zote karibu na kinanda, akasimama. Akasema, "Mchungaji, naomba tumtaje." Akataja jina la binamu yake, la ubatizo, la baba, na la ukoo, akasema ana miaka 19, risasi ilimkuta ametoka kwenda kuingiza pikipiki ya baba yake ndani. Akakaa. Mhubiri hakujua ashike wapi, akawa anafunua Biblia kurasa za mbele na nyuma. Mchungaji wetu wa chuo alikuwa amekaa pembeni, akanyanyuka akaenda mbele, akalirudia lile jina kama lilivyotajwa, akasema "Bwana, mtoto wako huyu," basi, hakuongeza. Wa pili akasimama. Wa tatu, kijana wa Mwanza, akasema mimi sijui kama kaka yangu amekufa au amekamatwa, sasa nimtaje na wapi? Mchungaji akamwambia wewe taja tu.

Tulipotoka mwalimu wa Agano la Kale akaniambia pembeni, Yeremia 6:14, nenda kasome. Nilikuwa naijua, ni ile ya wanaosema amani, amani, wala hapana amani. Nikamwambia mwalimu, hii ungeisema madhabahuni na sio chini ya mparachichi. Akacheka lakini haikumfurahisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo huwezi kulisoma kwenye tamko lolote, na ndilo lililonipa kazi kuliko yote. Tuna kijana hapa baba yake ni askari polisi. Siku zote alikuwa anajulikana na hakuna shida, wengine walikuwa wanamwita afande kwa utani. Baada ya ile Jumapili, bwaloni meza aliyokaa watu wanahama. Anakuja na sahani yake, anakaa, wale wengine wanakumbuka wana kazi. Wenzake wa chumbani wakaburuta magodoro yao wakahamia chumba cha pili wakabanana huko, na mlangoni kwake mtu akaandika kwa chaki neno ambalo sitaliandika. Akaja kwangu usiku anataka ruhusa aende nyumbani, nikamwambia utaenda na basi gani mwanangu, akakaa kwenye ngazi ya ofisi akalia. Na shosti, kwenye daftari langu jina la baba yake lilikuwa halina tiki. Tulikuwa tumempigia kama tulivyopigia wengine na hapatikani. Alikuwa amepangwa mkoa mwingine, mtoto hajui baba yuko hai au vipi, na hajui baba amefanya nini au hajafanya nini, na hilo la pili nadhani lilikuwa linamtafuna zaidi.

Mchungaji alichukua kitambaa na ndoo akafuta ile chaki mwenyewe, mchana, wakati wa mapumziko, watu wote wanapita. Hakuhubiri chochote. Mimi niliwaita wale wa magodoro nikawasema vibaya kidogo, nikawauliza kama baba yako ni mlevi tukuhamishie bar? Mmoja akanijibu, "Mama, mlevi hajaua mtu wangu." Nikakosa la kusema maana yule mtoto alikuwa ana msiba kweli.

Baadaye baba yake akapatikana, mzima. Na kwenye maombi, kijana akasimama akaomba baba yake naye aombewe. Nusu ya watu wakainamisha vichwa, nusu wakawa wanamtazama tu. Yule binti wa binamu akatoka nje na hakurudi mpaka tumemaliza, sikumfuata na sikumlaumu. Usitegemee nikuambie wamekumbatiana, hawajakumbatiana. Wanasalimiana kwa "Bwana asifiwe" kwa sababu hapa lazima usalimie. Magodoro yamerudi, matatu kati ya yale manne.

Kuhusu tamko nitakuambia haraka maana linanichosha. Walimu vijana walitaka chuo kiseme kitu. Wakubwa wakasema chuo hakisemi, kanisa ndio linasema, na usajili wetu uko mikononi mwa serikali. Mmoja akakumbusha waraka wa Pasaka wa maaskofu wetu wa Kilutheri, KKKT, mwaka 2018, jinsi ilivyokuja barua kutoka wizarani kuwataka waufute, na mwingine akakumbusha kanisa la Askofu Gwajima lilivyofutiwa usajili Juni 2025. Tukabishana mpaka maharage yakapoa. Mwisho likatoka karatasi moja, neno amani limo mara sita, neno kifo halimo. Nilisema kikaoni na naandika hapa, bora tungenyamaza. Katikati ya Novemba maaskofu wa Katoliki walipotoa la kwao wakalaani mauaji waziwazi, walimu wetu hawahawa Walutheri walikuwa wanalisoma kwenye simu wanapitishiana, mpaka nikamwambia mmoja Luther akikuona.

Ila usidhani mimi ni wa upande wa mashujaa. Wanafunzi walinijia, wana mishumaa tayari, wanataka kutembea kutoka chuoni mpaka Mnara wa Saa, kimya, bila bango. Nikakataa. Wakati huo mamia ya vijana walikuwa wameshafikishwa mahakamani kwa uhaini, na uhaini hauna dhamana, adhabu yake ni kunyongwa, na wapo walioingizwa humo kwa kusimama tu mahali. Wakaniita mwoga, mmoja akanitajia Danieli na tundu la simba. Nikawaambia Danieli alikuwa mtu mzima na alienda peke yake, hakubeba watoto wa watu wenye ada iliyolipwa kwa kuuza ng'ombe.

Ndio nifike kwa Nikolai wako. Baada ya kuniandikia nilienda kusoma. Hayo maombi yao ya Jumatatu yalianza 1982 shosti, miaka saba kabla, na siku nyingi walikuwa wachache tu kwenye mabenchi na kila anayetaka kuja anaingia, awe mkristo au asiwe. Na ile tarehe 9 Oktoba 1989 walipotoka watu kama 70,000, wenye bunduki hawakupiga. Hiyo ndiyo tofauti yetu na nyie na ni kubwa mno, huku zilipigwa, kwa hiyo ukiniambia "kanisa lenu nalo lingefungua milango" naona unaanza hadithi mwishoni. Sikatai undugu, ni haohao watu wa Leipzig waliokuja kuhubiri hapa mlimani mwaka 1893. Ila tuige ile miaka saba kabla ya kuiga ile siku moja.

Na kitu kama hicho kimeanza, sio kwa akili yangu. Ni hawahawa wa mishumaa, nilipowakatalia wakakaa wiki wamenuna alafu wakaenda kwa mchungaji wakaomba kanisa dogo kila Jumatano saa 11 jioni, Jumatano kwa sababu ya ile tarehe 29. Hakuna mhubiri, hakuna spika, hakuna kurekodi, simu zinaachwa kwenye kapu mlangoni. Wanasoma zaburi moja, kisha majina, mtu anataja anayemtaja, wanakaa kimya, mwisho linapitishwa bakuli. Lile bakuli ndilo linalonifurahisha maana halina maneno mengi. Kuna mwanafunzi kaka yake alikuwa kati ya walioshtakiwa, mama yao ni mjane anauza ndizi Mbuyuni, tukamlipia nauli ya kwenda na kurudi mahakamani, blanketi, sabuni, na chakula cha kupeleka mahabusu. Rais alipofungua bunge tarehe 14 Novemba akasema waliofuata mkumbo waangaliwe wasamehewe, mashtaka ya wengi yakaanza kufutwa, na huyu kaka naye akatoka. Mama akatuletea mkungu mzima wa ndizi, tukala mtori siku mbili. Siku hizi wanakuja hata mafundi wanaojenga bweni jipya, Waislamu wawili, wanakaa benchi la nyuma na mmoja alishataja jina la shangazi yake.

Imeundwa tume ya uchunguzi pia, Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ndiye mwenyekiti, wanafunzi wengi hawaiamini na mimi sijawashawishi waiamini. Ila yule binti nimemwambia aandike kila kitu sasa hivi kabla hajaanza kusahau, saa ngapi, wapi, nani aliona, hospitali gani, akunje aweke. Atakwenda au hatakwenda ni shauri lake na la familia yake, lakini karatasi iwepo. Amejaza kurasa nane na ameniomba nisizisome, sijazisoma.

Tarehe 9 Desemba, si unajua sherehe za Uhuru zilifutwa na watu wakaambiwa wakae nyumbani, tulifunga geti tukacheza bao na wavulana wakashindana kukuna nazi, mji ulikuwa mtupu hata bodaboda huoni. Ikapita. Sasa Wachaga wa Dar wanapanda kuja Krismasi, na kila anayeshuka stendi ana habari yake ya Oktoba, msibani kwa jirani wiki iliyopita tulikaa mpaka usiku watu wanasimulia kwa sauti ya chini, na akipita mtu wasiyemjua wanahamia kwenye bei ya kahawa.

Umeandika kwamba usharika wenu huko wanataka kutuma mchango. Washukuru sana. Usiutume kwenye akaunti ya chuo, utaingia kwenye rangi ya jengo la utawala, hilo nakuhakikishia. Ongea na mchungaji moja kwa moja, namba yake unayo, mwambie ni wa bakuli la Jumatano. Na barua hii usiiweke kwenye grupu la kanisa hata ukiombwa, majina sijaweka lakini Moshi ni ndogo na wewe mwenyewe umeshawajua nusu ya hawa watu.

Kijana wa Mwanza kaka yake bado. Ameenda nyumbani likizo, baba yao anazunguka vituo na hospitali na picha ya pasipoti, nimemwambia anipigie kila Jumapili na mpaka sasa anapiga. Kama hapo chuoni kwenu kuna watu wanaojua namna familia zinavyofuatilia mtu aliyepotea, wanaanzia wapi na wanaandika barua gani kwa nani, niulizie, iandike kwa Kiswahili chepesi nimtumie baba yake.

Jambo jingine, ratiba ya Januari imetoka na nimeona wameweka kipindi cha kompyuta Jumatano saa 11 jioni kwa madarasa yote. Haijawahi kuwepo kompyuta jioni tangu niajiriwe hapa, hata hizo mashine zenyewe zinazowaka hazitoshi darasa moja. Nimemwandikia mkuu wa taaluma kuuliza, nakala kwa mchungaji, hajajibu. Akijibu nitakuambia, asipojibu wanafunzi wameshaniambia wao watahamia saa 12 asubuhi.

Nisalimie huyo mama wa takataka.

Ni mimi dada yako wa Moshi